Kitambaa Kilichoelekea kwa Mzee Jafeti

Nianze na ujinga wenyewe, msije mkausikia kwa watu ukiwa umeongezwa chumvi: kazi hii niliipata kwa sababu niligeuza kitambaa cha matanga.

Nilikuwa darasa la saba. Mama Dorka, jirani yetu wa upande wa kanisa, alikuwa amefariki. Vijana wakubwa walikuwa wamesimika fimbo pale njia panda, wakafunga kitambaa chekundu na tawi la mti wa lusiola lililoinamia kushoto. Mgeni wa matanga hahitaji maelezo zaidi. Anaona nyekundu, anaona tawi, anapinda. Mimi niliona tu kwamba fimbo haikushindiliwa vizuri. Nikaing'oa, nikaielekeza kulia.

Njia ya kulia inaishia kwenye boma moja tu, la Mzee Jafeti, na Mzee Jafeti nilikuwa na kesi naye. Wiki hiyo mpira wetu ulianguka kwenye sukuma wiki zake, akaurudisha ukiwa vipande viwili, na kimoja kilikuwa tayari na udongo na miche ya vitunguu ndani. Hakusema neno. Aliviweka mlangoni kwetu, vitunguu vikiwa vimemwagiliwa maji. Nikawaza: sawa mzee, na mimi nitakutumia ujumbe bila neno. Wageni wajae kwako, wakumalizie majani ya chai.

Majani ya chai, jamani. Akili yangu yote iliishia hapo.

Pikapu ya watu wa Chekalini ilifika imejaa akina mama. Nilikuwa nimejificha ndani ya miwa, nimeziba mdomo nisicheke. Pikapu ikasimama kwenye fimbo, na mwanamke mmoja akainuka kule nyuma ya gari. Alikuwa Senge Rosa, yaani Shangazi Rosa, dada wa pekee wa Mzee Jafeti, aliyeolewa kule Lugari kwenye mashamba ya mahindi. Alikuwa amekuja kumlilia Mama Dorka, na mimi sikujua kama atakuwemo. Ile njia aliijua kuliko mimi. Alitazama kitambaa, akatazama tawi, akafuata kwa macho kule lilikoelekea. Hakuuliza mtu. Aliweka mikono miwili kichwani, akaruka chini, kiatu kimoja kikabaki kwenye gari, akakimbia. Wenzake wakapasua kilio nyuma yake.

Walimkuta Mzee Jafeti kwenye kigoda mbele ya nyumba, na tonge la obusuma, ule ugali wetu, mkononi.

Mimi niliwafuata kupitia kwenye miwa, kwa hivyo niliona. Senge Rosa alimshika kaka yake mashavu, mabega, masikio, kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua, ndipo akaanguka. Wakammwagia maji. Alipoamka alimpiga Mzee kofi.

"Unakula nini na wewe umekufa?"

"Sukuma," Mzee akajibu.

Wazee wa kwetu hawakucheka. Walisema mtu hai akililiwa, kile kilio hakirudi kilikotoka, kinabaki kikizunguka nyumba. Walipanga mstari watoto wote wa kijiji wakauliza nani aligusa fimbo. Tukanyamaza sote, mimi nikinyamaza kwa ufundi kuliko wote. Mzee Jafeti akapita mbele yetu polepole, kama anachagua muhindi wa kuchoma. Akasimama kwangu.

"Ni huyu," akasema. "Shavu lake la kushoto linacheza."

Ni kweli. Nikidanganya au nikifanya mzaha, shavu hili linaruka lenyewe kama kuna chura ndani. Sijawahi kulidhibiti, na walimu wawili wamelitumia kama ushahidi.

Ikabidi jogoo achinjwe, na Mzee na dada yake wale kwenye sahani moja mbele ya watu, ili kile kilio kipate mahali pa kuishia. Jogoo alitoka kwetu. Mama alimleta mwenyewe, amemshika miguu, akamkabidhi bila kumtazama mtu. Hakunichapa. Hakuniambia kitu chochote, na ningelipenda aniambie hata matusi. Kabla ya siku hiyo mama yangu ndiye aliyekuwa anaanzishanga nyimbo matangani, amekaa mstari wa mbele na leso yake ya kijani. Tangu siku hiyo alikaa nyuma kabisa, karibu na masufuria, kwa sababu akipita mbele watu walimsonta kwa midomo. Mnajua kwetu kidole ni matusi, kwa hivyo mdomo unafanya hiyo kazi. Midomo ya kijiji kizima ilimwelekea mama, na alikuwa hajagusa fimbo yoyote.

Wazee walitaka nichapwe. Mzee Jafeti akasema, "Nipeni mimi. Kama anajua kugeuza, atajua kuelekeza. Kila matanga, atasimama pale njia panda. Na asiongee."

Ndiyo hivyo, Amosi na wewe Bramu, nilivyoajiriwa. Nyinyi mnaingia kazini mkiwa Gredi ya Sita na mnafikiri ni kazi ya kushika fimbo. Mimi nimestaafu nikiwa kidato cha tatu, kwa hivyo kaeni chini mnisikilize. Mshahara sitauzungumzia, maana ni sahani ya wali, na mara nyingi ikikufikia nyama imebaki harufu. Cheo pia nilikiacha vile nilivyokikuta. Nilianza nikiwa kitu cha kushikilia kitambaa na nimemaliza nikiwa kitu cha kushikilia kitambaa.

Siku ya kwanza Mzee mwenyewe alinisimamisha. Ujana wake wote alikuwa akielekeza matrela ya miwa yanaporudi nyuma shambani kupakiwa. Kelele za matrekta zilimla sikio moja, la pili likabaki la kusikia mambo anayoyapenda. Aliamini mikono. "Dereva hasikii maneno," aliniambia, "anasikia kiganja. Kiganja kikitetemeka, mtu anavunjwa mguu." Akanifundisha kusimama upande ule ambao mgeni haendi, ili mwili wangu uwe ukuta na njia yenyewe ibaki wazi. Mkono unyooke kutoka begani, sio kwenye kiwiko kama mtu anayefukuza kuku. Usitabasamu, lakini usinune pia. "Sura yako iwe mlango uliofunguliwa," alisema. Nikamwambia sura yangu ni mlango wa choo. Akanigonga kichwa na ile fimbo.

Vifaa ni vichache. Fimbo iwe ya mpera, haipindi. Kitambaa kifuliwe baada ya kila matanga na kianikwe ndani ya nyumba, maana ukikianika uani jirani ataanza kukimbia huku na huku akiuliza ni nani. Tawi likatwe asubuhi ile ile. Tawi lililokauka linamwambia mgeni kwamba amechelewa, hata kama hajachelewa, na mimi nimeona mtu mzima akilia pale kwa ajili ya majani makavu.

Sasa kusoma watu. Hapa Mzee alikuwa ananiketisha kwenye jiwe baada ya wageni kupungua, ananiuliza nimeona nini. Kulikuwa na mtu wa baiskeli aliyefika kwenye kitambaa, akashuka, akaisukuma baiskeli yake mpaka kwenye lango, na njia ni mteremko mtupu. Nikacheka nikasema huyu breki zake zimeisha. Mzee akasema, "Huyo alimpenda marehemu. Hawezi kufika kwake akiwa anateremka kwa raha." Madereva wa matrekta ya miwa nao hawasimami, wana foleni ya kiwandani, lakini wanazima redio wakikaribia na kuiwasha wakishapita mtaro. Hiyo ni pole yao, ipokeeni. Na gari la vioo vyeusi likisimama na mkono ukatoka dirishani bila kichwa, hilo ni la mheshimiwa. Huyo hasomeki. Mwelekezeni tu, mwende mkashike nafasi ya chakula.

Iko kesi moja ambayo mpaka leo sijui kama niliifanya vizuri. Yalikuwa matanga ya mwanamume mmoja wa huku kwetu, mtu wa watoto wengi na mke mmoja, mcha Mungu, mzee wa kanisa. Mwanamke tusiyemjua alifika kwa miguu na mtoto wa kiume, na yule mtoto alikuwa na paji la uso la marehemu, lile lile, kama limekatwa na panga moja. Mwanamke akasimama mbele ya kitambaa. Akanitazama, akatazama njia, akanitazama tena. Alikuwa ananiuliza kama anaweza kuingia. Nikaangalia upande wa Mzee Jafeti kwenye jiwe. Mzee akageuza uso wake taratibu, akaanza kutazama miwa. Nikafanya vile vile. Tukaitazama miwa muda mrefu, kama wanunuzi. Tulipogeuka, mwanamke hakuwa ameingia wala hakuwa ameondoka. Alikuwa amempandisha mtoto juu ya ukingo wa mtaro, ambako paa la hema linaonekana, na amemshika kiuno asianguke. Walikaa hapo mpaka nyimbo zikaisha. Wakienda, yule mtoto alinipungia mkono.

"Ungemwambia nini?" Mzee akaniuliza.

"Sijui."

"Basi hukukosea sana."

Huyo ndiye alikuwa mwalimu wangu. Msifikirie alikuwa mtakatifu. Alikuwa na mdomo mbaya kuliko wangu, isipokuwa aliutumia kidogo. Kile kilio chake cha bure alikifurahia kimyakimya. "Mimi nimeshaliliwa," alikuwa anasemanga. "Nawajua sasa. Shemeji yangu alikuwa analia huku anaangalia kuku." Na akikohoa kidogo, nikimwambia aende hospitali, anasema, "Ya nini? Kilio changu kilishapita."

Senge Rosa naye alinisamehe kwa njia yake. Kila akija kumtembelea kaka yake alishuka kutoka kwenye bodaboda pale njia panda, na mimi nikiwa karibu nilikuwa na mchezo wangu. Nilisimama katikati ya barabara, nikaweka mikono miwili kichwani, uso nimeukunja kama mfiwa. Yeye ananikaribia, ananishika kidevu, anatazama shavu la kushoto. Shavu linaruka. "Mjinga wewe!" Ananipiga na mkoba, anacheka, ananipa ndizi mbivu. Tulifanya hivyo kila safari. Mama aliwahi kutukuta. Hakucheka. Alinitazama tu, akaingia ndani, na ule mtazamo niliuelewa nikiwa nimechelewa.

Maana mwaka huu, baada ya mvua kubwa, Mzee Jafeti alianguka kwenye sukuma wiki zake na hakuinuka. Jembe lilikuwa bado limesimama wima udongoni. Ni mama aliyemkuta. Ni mama pia aliyempigia Senge Rosa simu, kwa sababu Mzee hakuwa na mke wala mtoto aliyebaki, na mimi nilikuwa kando nikisikia.

"Mulembe, Senge. Ni mimi, mama wa..."

"Mama wa nani? Wa yule wa shavu?" Sauti ya Senge ilijaa nyumba yetu. "Anataka nini leo?"

"Senge, kaka yako ametutoka."

Senge akasema, "Mmeanza tena. Na wewe mama mzima unamsaidia." Akakata. Mama akapiga tena, ikawa imezimwa. Wazee wakapiga, imezimwa. Mchungaji akatuma ujumbe. Hata kijana mmoja wa Chekalini alitumwa kwake nyumbani, akarudisha jibu kwamba Senge amesema kaka yake aliongea naye Jumapili na alikuwa anadai mbegu za maboga, na mtu anayedai mbegu hafi.

Kwetu dada ndiye anafungua kilio cha kaka. Kama hayupo, jeneza linashushwa tu, kama gunia. Jumamosi ya mazishi ikafika na Senge Rosa hajafika, mwili uko hemani, mchungaji anaangalia saa. Hakuna aliyenikemea. Ila nilipopita na fimbo yangu kwenda kazini, midomo ilisonta. Safari hii ilinisonta mimi, ikamalizia kwa mama kule kwenye masufuria.

Nikasimika fimbo. Nikaelekeza tawi kulia, mahali pale pale nilipolielekeza zamani. Fimbo niliishindilia kwa mguu mpaka ikawa imara. Lile jiwe la Mzee lilikuwa pale, na niliona ni heri nisilitazame.

Bodaboda ilitokea upande wa Malava. Niliona gauni la rangi ya machungwa, rangi ambayo hakuna mtu anavaa akienda kuzika. Senge Rosa alikuwa amembana jogoo kwapani, na mfuko wa plastiki uko mkononi. Kichwani amejifunga kitambaa kizuri, cha kutembelea. Alishuka, akamlipa kijana wa bodaboda, akanitazama kwa hasira.

"Umeona vile mmenisumbua? Simu, wachungaji, watoto wa watu. Nimekuja nimkute akikula, nimpige, halafu nikupige wewe. Nimembebea mbegu zake."

Mimi niko kazini, na mtu wa njia panda haongei. Lakini hata kama ningeruhusiwa, ningesema nini? Hakukuwa na neno langu ambalo hajawahi kulicheka. Mikono yangu ikaanza kuinuka yenyewe kwenda kichwani, maana hiyo ndiyo alama yenyewe, hiyo ndiyo kila mtu anaielewa kutoka hapa mpaka Lugari. Ikafika kifuani ikakwama. Hiyo alama nilikuwa nimeimaliza. Nilikuwa nimeitumia kwa ndizi.

Nikaishusha mikono. Nikasimama tu, sura kama mlango, sikumsalimu.

"Ehe," akasema. "Leo hakuna mikono?"

Alikuja karibu, jogoo akanipiga na bawa. Akanishika kidevu kama kawaida, akageuza uso wangu, akalitazama shavu la kushoto. Alikuwa tayari anatabasamu. Akangoja.

Niwaambie ukweli, nililiomba lile shavu liruke. Kama lingeruka angalau mara moja, pengine Mzee angekuwa kwenye kigoda chake. Nilifikiria mpira wa vitunguu. Nilifikiria shemeji anayeangalia kuku. Shavu likalala pale kwenye vidole vyake kama nyama ya mtu mwingine.

Tabasamu lake halikutoka mara moja. Lilibaki usoni baada ya macho kuwa yameshaelewa. Kisha vidole vikaniachilia. Nikampokea jogoo kwa mikono miwili, nikampokea na mfuko wa mbegu, na hakuuliza kwa nini. Alifungua kile kitambaa kizuri cha kichwa, polepole, akakifunga kiunoni, akakaza fundo. Nikanyoosha mkono kutoka begani. Haukutetemeka. Alipita upande wangu wa kulia, akatembea hatua chache, akavua viatu vyote viwili akaviacha barabarani. Ndipo akapasua kilio, na hema lote kule chini likamwitikia.

Sikushuka kwenda kuona kaburi. Nilikaa na jogoo njia panda mpaka gari la mwisho likapita, kama kazi inavyotaka. Fimbo nikaing'oa. Kitambaa nitawapa kikikauka, na Bramu, wewe una uso wa kucheka, kwa hivyo Amosi ndiye atasimama mbele.

Mama alirudi jioni, sauti imekauka kwa nyimbo, vumbi la kaburi kwenye pindo la ile leso ya kijani. Alivua viatu mlangoni, akanitazama nikiwa nimeketi na jogoo wa marehemu mapajani. Alisema hivi:

"Leo nimekaa mbele."